Mtu Ambaye Hakuulizwa

Kufikia Jumapili ile ya mwezi wa tatu, Orest Bilyk alikuwa amekwisha kumwomba kila mtu mwenye akili timamu katika jimbo agombee ubunge, na wengine kadhaa ambao akili zao zilikuwa na walakini. Alikuwa mwenyekiti wa chama pale Dolyna, mji mdogo wa wakulima nchini Kanada, na uenyekiti wa chama kinachoshindwa kila uchaguzi ni kazi ya kuombaomba. Makao makuu Winnipeg hawakumpa nafasi ya kupumua. Serikali kule Ottawa haikuwa na wabunge wa kutosha, ilikuwa ikisimama kwa hisani ya chama kingine, na siku yoyote hisani ingekwisha na nchi nzima ikaingia kwenye uchaguzi. Tafuta mgombea, Orest. Umepata mgombea, Orest? Simu ikilia saa ya chakula, mkewe Zenia alijua ni wao.

Kwa hiyo Jumapili hiyo aliporudi kutoka kanisani alikaa mezani akiwa na furaha ya mtu aliyeuza ng'ombe mgonjwa kwa bei ya mzima.

"Nimempata," alisema. "Thorlakson, daktari wa meno wa kule ziwani. Jana tumeshikana mikono. Nitasimama nimpendekeze, na kura yangu ni yake."

"Hongera," Zenia alisema, akimpakulia. "Na wengine wote walikataa?"

"Wote! Mwalimu mkuu alikataa. Yule wa duka la matrekta alikataa. Nikamwomba hata Nestor."

"Nestor anayezika watu?"

"Huyohuyo. Akasema haiwezekani, wateja wake hawapigi kura." Orest alicheka mpaka akapaliwa. Zenia hakucheka. Aliweka mwiko ndani ya sufuria taratibu, akaketi.

"Orest, mimi hukuniomba."

"Kukuomba nini?"

"Kugombea."

Orest alimtazama akidhani ni utani, kisha akangoja aone utani unaishia wapi. "Wewe?" alisema. "Wewe una basi la shule, Zenia. Nani ataendesha basi?"

Basi hilo alikuwa akiliendesha kwa miaka ishirini na zaidi. Na jioni, akiisha kuliegesha, ndiye aliyepiga simu za chama, ndiye aliyetengeneza kahawa ya mikutano, ndiye aliyeandika barua zote kuhusu posta ya Dolyna ilipofungwa na wazee wakawa wanasafiri mpaka mji wa pili kufuata dawa zao. Mumewe aliwaona wote waliokuwa mbali. Aliyekuwa akimpakulia chakula hakumwona.

"Kula, kitapoa," Zenia alisema.

Jumatatu, alipokwisha kushusha watoto shuleni, alikwenda kuchukua fomu.

Mambo yangeweza kuishia hapo, maana mgombea wa chama kile kwa kawaida alikuwa ni kondoo wa kafara tu. Lakini Jumanne mbunge wa siku zote, wa chama kingine, mtu aliyekuwa akilikalia jimbo kama kiti cha babu yake, akatangaza kwamba amechoka na anakwenda kuvua samaki. Ghafla kiti kikawa wazi. Daktari Thorlakson, aliyekubali kwa heshima tu, akaanza kupiga suti pasi. Na watu wa Dolyna, waliokuwa wakimkimbia Orest akitokea, wakaanza kumsimamisha njiani wamuulize jambo moja tu: yeye ni wa daktari au wa mkewe?

"Nimetoa neno," Orest alijibu.

Stefka Wowk, rafiki wa Zenia na mpishi mkuu wa ukumbi wa jumuiya, alimfuata mpaka kwenye banda la trekta.

"Wee mwanamume, nenda kwa huyo mng'oa meno umwambie mambo yamebadilika."

"Siwezi, Stefka."

"Huwezi kitu gani? Huna miguu?"

"Nilimpa mkono. Mwaka ule wa ukame nilimuuzia Friesen shamba la mashariki kwa kushikana mikono. Wiki ya pili akaja mtu na bei mara mbili. Nilirudi nyuma?"

"Hakurudi," alisema Zenia, aliyekuwa ameingia kutafuta ndoo. "Tulikula kabichi mwaka mzima." Akachukua ndoo yake akatoka.

Wiki hiyo nyumba ya Bilyk ilikuwa na adabu ya kutisha. Naomba chumvi, tafadhali. Asante sana. Hakuna shida. Wanandoa wa miaka thelathini na minne wakianza kuambiana "hakuna shida", ujue shida ipo mezani, tena imekalia kiti. Orest alitamani apigiwe kelele. Hakupigiwa. Alilala akiangalia ukuta, akijiona mjinga, na asijue ujinga wake ulianzia wapi hasa.

Kura ya maoni ya kumteua mgombea wa chama ilifanyika Jumamosi mchana, theluji ikianguka. Chama kilimtuma msimamizi kutoka Winnipeg, binti aitwaye Monique, aliyekuja na sanduku la kura, karatasi, na viatu visivyofaa. Alikuwa na haraka. Wabunge walikuwa wameitwa Ottawa siku ya mapumziko kupiga kura ya kutokuwa na imani, na kama serikali ingeanguka jioni ile, chama kilitaka majina ya wagombea wote yawe tayari. "Hakuna kuahirisha," alirudia kwa kila mtu aliyemvulia kofia. "Leo ni leo."

"Keti kwanza ule, mwanangu," Stefka alimwambia, akamwekea sahani ya perohi, vifuko vya unga vya kuchemsha vilivyojaa viazi, vikielea kwenye siagi na vitunguu. Monique akasema ameshakula. Dolyna hilo si jibu. Akaketi akala.

Watu wa daktari walifika kwa basi la kukodi, wamevaa skafu za bluu zinazofanana. Watu wa Zenia walifika na magari yao ya shamba, wamevaa walichokuwa wamevaa zizini. Wakakaa pande mbili za ukumbi kama kwenye harusi ambayo koo mbili hazijaelewana.

Orest aliitwa kumpendekeza daktari. Alipanda jukwaani na tai ambayo mkewe alikuwa amemfunga asubuhi ile bila kusema neno, na kuifunga vizuri kabisa, jambo lililomuumiza zaidi.

"Ndugu wanachama," alianza. "Daktari Thorlakson ni mtu mwema. Ana mikono laini. Aliling'oa gego langu la nyuma, nami nikaendelea kumsimulia habari za ngano bila kujua kwamba limeshatoka."

Ukumbi ukacheka. Sauti ikatoka nyuma, upande wa zizini: "Orest! Leo jioni utakula wapi?"

Kicheko kikavunja paa. Hata daktari alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha uungwana. Orest alishika meza kwa mikono miwili. Uso ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Nitakula nitakachopewa," alisema. "Nikinyimwa, ni haki yangu. Daktari ni msomi, ni mkweli, na alikubali siku ambayo ninyi nyote mlinikataa. Wewe unayepiga kelele huko nyuma, nilikuja kwako mara mbili, ukajificha kwenye pipa la nafaka. Yeye alikubali. Nikampa mkono. Basi ninampendekeza."

Akashuka. Walimpigia makofi pande zote mbili, kwa maana watu wa Dolyna hawapendi kuona mtu akiaibika mpaka mwisho.

Stefka alimpendekeza Zenia kwa maneno machache na kidole kimoja kilichoelekezwa kwa Orest muda wote. Kisha Zenia akasimama. Hakuwa amewahi kusimama mbele ya ukumbi ule isipokuwa kutangaza kwamba kahawa imekwisha. Aliitazama karatasi ya hotuba, akaikunja akaitia kwenye mfuko wa sweta.

"Mnanijua," alisema. "Nimewabeba watoto wenu, na baadhi yenu niliwabeba pia. Wewe Taras ulitapika kwenye kiti changu cha tatu. Posta yetu ilipofungwa niliandika barua. Walinijibu vizuri sana, kwa karatasi nzuri, kwamba maoni yangu yamepokelewa. Nikaandika tena, yakapokelewa tena. Nimechoka kupokelewa. Nataka niende nikakae mahali barua zinapofika, nikaulize nani anazisoma." Akatafuta la kumalizia, asilione. "Perohi zipo za kutosha, msiondoke na njaa."

Watu walisimama. Upande wa skafu za bluu nao, wachache, wakajikuta wamesimama.

Kisha ikaja kura, na hapo ndipo Zenia alipofanya kosa ambalo pengine lisingefanywa na mtu wa mahali pengine popote. Aliingia nyuma ya pazia, akashika penseli, akaona majina mawili, moja lake. Mama yake alimlea katika ukumbi uleule, kwenye meza ndefu ambazo mtu anayejipakulia wa kwanza husemwa mpaka Pasaka. Kujichagua mwenyewe! Mkono ulikataa katakata. Akaweka alama kwenye jina la daktari, akaikunja karatasi, akatoka akijisikia msafi.

Mumewe alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Naye alikwenda akaweka alama palepale, kwa sababu yake nyingine. Nyumba moja, kura mbili, zote za mpinzani.

"Sitini na moja kwa sitini na moja," Monique alisoma, akaangalia karatasi kana kwamba imemtukana. "Zimehesabiwa mara tatu. Ni sare. Kanuni zinasema tunarudia sasa hivi, kwa wale waliomo ukumbini."

Zogo la watu wote kusema kwa pamoja likajaa ukumbi. Zenia alikimbilia jikoni, mahali alipozoea kukimbilia. Stefka alikuwa huko, amenyanyua mwiko hewani.

"Sare! Unasikia? Kura moja tu, Zenia. Kura moja! Nani huyu mjinga ambaye..." Akakatisha. Alimtazama rafiki yake usoni, akaona kitu. "Ulimpigia nani?"

Zenia akawa anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Zenia Bilyk. Ulimpigia nani?"

"Si vizuri mtu kujichagua."

"Mama yangu nihurumie! Ulimpigia mng'oa meno!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Nimeamka alfajiri nikakunja perohi elfu moja, nimemtoa shangazi yangu kitandani na nyonga mpya, mtu anakuja kupiga kura na nyonga ya chuma, halafu wewe unaleta ustaarabu? Ustaarabu upeleke kanisani!"

"Ningejionaje, Stefka?"

"Ungejiona mbunge!"

Zenia alicheka ingawa hakutaka, akacheka mpaka akashika beseni. Lakini kicheko kilipokwisha alihisi huzuni imebaki chini yake. Alikuwa anaitaka kazi ile. Hakuwa amejua anaitaka kiasi gani mpaka aliposikia zile sitini na moja mbili, na kufahamu kwamba mkono wake mwenyewe ndio uliomzuia.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa polepole. Alikuwa Abram Friesen, yule wa shamba la mashariki, kofia mkononi.

"Samahani, mama. Mke wangu amepiga simu. Yule ng'ombe mwekundu anazaa, na ndama amegeuka. Daktari wa mifugo hawezi kufika kwa theluji hii." Alizungusha kofia. "Mimi ni wako, unajua. Ukisema nibaki, nabaki."

Stefka alimkazia Zenia macho yaliyosema kila kitu. Zenia alimtazama Abram, mtu mzima anayetaka kulia kwa sababu ya ng'ombe.

"Nenda, Abram," alisema. "Huyo ndama hana habari na Ottawa. Endesha taratibu."

"Mungu akubariki."

"Sasa umekwisha," Stefka alisema mlango ulipofungwa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Sasa tuko nyuma. Umekwisha kwa adabu. Wataandika kwenye kaburi lako."

Monique alifunga mlango mkubwa, foleni ikapangwa upya. Safari hii hakuna aliyecheka. Orest alisimama watu wanne mbele ya mkewe, na kabla ya kuingia nyuma ya pazia aligeuka akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima waangaliane machoni. Alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino bila ganzi. Zenia aliusoma uso huo kama anavyousoma ubao wa barabarani, akajua mumewe atafanya nini. Akamwinamishia kichwa kidogo tu, kwamba aingie.

Zamu yake ilipofika, alikaa nyuma ya pazia muda mrefu mpaka aliyemfuata akaanza kukohoa.

Matokeo yalipotangazwa, Monique alikuwa na doa la siagi kwenye mkono wa koti na hakujali tena. "Daktari Thorlakson, sitini," alisoma. "Bi Bilyk, sitini na moja."

Stefka alipiga yowe lililoangusha theluji kwenye dirisha. Shangazi mwenye nyonga ya chuma alimbusu mtu asiyemjua. Daktari Thorlakson alivuka ukumbi, akamshika Zenia mkono kwa mikono yake yote miwili laini. "Kusema kweli," alisema, "mke wangu atafurahi. Njoo nikusafishe meno kabla hawajakupiga picha." Zenia alimshukuru, na kwa mara ya kwanza siku ile akaona kwamba mumewe hakukosea, mtu huyu alikuwa mwema kweli.

Kila mtu akawa anadai kwamba kura ile moja ilikuwa yake. Taras alisema ni yake, kwa ajili ya yale matapishi. Mwanamke mmoja wa skafu ya bluu alinong'ona kwamba ni yake, kwa ajili ya perohi. Walikuwa bado wanabishana simu ya Monique ilipolia. Alisikiliza, akafumba macho, akaiweka mezani.

"Serikali imenusurika," alisema. "Chama kile kingine kimewaunga mkono dakika ya mwisho. Hakuna uchaguzi."

Kisha mtu upande wa zizini akasema, "Kwa hiyo mgombea wetu ana muda wa kuosha vyombo?" na kicheko kikaanza upya, safari hii pande zote mbili, mpaka Monique mwenyewe akakiegemeza kichwa chake kwenye sanduku la kura akacheka.

Mgombea akaosha vyombo kweli. Nani mwingine angeviosha? Stefka aliondoka kumrudisha shangazi yake kitandani, basi la watu wa daktari likaondoka, na jikoni wakabaki Zenia na mikono kwenye povu, na Orest aliyeingia na kuchukua taulo bila kuambiwa. Alikausha sahani kama sita hivi.

"Zenia."

"Hm."

"Nilimpigia Thorlakson."

"Najua."

"Mara zote mbili." Orest alichukua sahani nyingine. "Nilisimama mle ndani nikaangalia jina lako. Nilitaka. Mungu anajua nilitaka. Lakini nilikuwa nimempa mkono."

"Najua, Orest. Nilikuona kwenye foleni."

"Na hukukasirika?"

"Kwa hilo, hapana. Ungevunja neno lako leo, ningekaaje na wewe? Hata lile ulilonipa mimi ningelitilia shaka." Alisuuza sufuria, akaiinua, akaiangalia kwenye mwanga. "Nilikasirika kwa lile la Jumapili. Ulizunguka jimbo zima. Ulimwuliza Nestor."

Orest aliweka taulo. Ndipo lilipomfikia, polepole, kama maumivu yanavyofika ganzi inapoisha: wiki nzima alikuwa akidhani kosa lake ni kumpa mkono daktari. Alichukua taulo tena, akafuta sahani iliyokwisha kukauka.

"Kama ni hivyo," alisema mwishowe, "ile kura moja ilitoka wapi? Friesen aliondoka. Nilihesabu vichwa. Ulitakiwa ushindwe."

Zenia alikausha mikono kwenye aproni, akamgeukia. Machoni alikuwa na machozi na alikuwa anacheka.

"Nilipofika nyuma ya pazia," alisema, "nikawaza kwamba hata katika nyumba yangu hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka. Basi nikajiuliza mwenyewe."